Kisiki, Daktari wa Zamu

Mgonjwa akishagundua kwamba daktari aliye mbele yake aliwahi kucheza ligi kuu, husahau kabisa kilichomleta hospitali. Ataanza vizuri na habari za kikohozi, kisha atakodoa macho na kuuliza, "Samahani, wewe si yule Kisiki?" Hapo kikohozi kinawekwa kando, yanaletwa mambo ya nusu fainali, bao lililokataliwa na kocha aliyefukuzwa kabla hata hajafungua sanduku lake. Daktari husubiri. Humwambia avute pumzi, naye huvuta pumzi huku akitaja kikosi kizima cha mwaka ule kuanzia golikipa.

Wengine hujifanya wenye busara, wakauliza ilikuwaje mchezaji akaacha mpira akakimbilia udaktari. Huuliza kana kwamba mtu huyo kabadili ukoo. Ukweli ni kwamba udaktari ndio uliotangulia, mpira ulimdakia njiani. Alipomaliza shule alikuwa na nafasi yake ya chuo cha udaktari mkononi, na mama yake, karani wa posta, alikuwa ameshawatangazia majirani wote, mpaka wale wasiosalimiana naye. Ndipo klabu ikabisha hodi.

"Mama, nipe miaka miwili tu," alisema.

Mama yake alikuwa mtu wa kupima vifurushi kutwa nzima, hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alimtazama kijana wake kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili.

"Miguu nimekuzalia mimi, na kichwa nimekuzalia mimi," alisema. "Nataka kuona vyote vinafanya kazi. Haya, nenda."

Miaka miwili ikazaa mingine, ikafika kumi.

Alicheza beki wa kati. Mbio hakuwa nazo, tuseme ukweli. Mashabiki walidai kwamba akianza kugeuka unaweza kwenda kunywa chai ukarudi ukamkuta bado anageuka. Alichokuwa nacho ni macho. Alikuwa anamwona mshambuliaji anavyoweka bega, anajua mpira utakwenda wapi, anakwenda kusimama pale na kusubiri. Watu wakigonga pale wanaanguka, yeye habanduki, na ndiyo maana wakamwita Kisiki. Jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye mkataba na mdomoni mwa mama yake.

Kambini alilala chumba kimoja na winga wa kulia, kijana mwembamba aliyeitwa Sabuni. Waliompa jina hilo walikuwa na sababu mbili. Kwanza, mabeki walikuwa hawamshiki. Pili, alikuwa anaanguka kama mtu aliyekanyaga sabuni bafuni, na akianguka hapo ndipo mchezo unapoanza. Atabingirika, atashika mguu ambao haukuguswa, atalia mpaka bibi kizee wa jukwaa la nyuma ashike kichwa kwa huruma. Wakiwa chumbani usiku Kisiki alimwonyesha makosa yake, maana alikuwa beki na alijua mabeki wanaogopa nini. "Usishike goti la kushoto kama umepigwa la kulia. Watu wana macho." Sabuni alikuwa msikivu sana kwa mambo ya namna hiyo.

Daktari wa timu alikuwa bwana mnene mwenye nyonga mbovu, na hakupenda kukimbizwa uwanjani bure. Akapatana na Kisiki. Mchezaji wao yeyote akianguka, Kisiki awe wa kwanza kufika, amwangalie, kisha atoe ishara kwenye benchi. Akinyoosha mkono juu, maana yake mtu ameumia, njoo mbio na machela. Akijipapasa kichwa, maana yake hakuna kitu, jamaa anakula muda, njoo taratibu na chupa yako ya maji. Sabuni alimrahisishia kazi. Kisiki akimwinamia tu, Sabuni katikati ya kilio anafumba jicho moja, halafu anaendelea kulia.

Kwa wengine ilibidi Kisiki asome mwenyewe, na hapo akajijengea kanuni. Anayepiga kelele bado ana nguvu za kupiga kelele. Aliyeumia kweli hukaa kimya, kwa sababu maumivu yamemziba koo. Kuna siku beki wao wa kushoto alikaa chini na kuanza kufunga kamba za kiatu, watu wote wakampita. Kisiki alimtazama usoni mara moja tu, akanyoosha mkono. Mfupa wa mguu ulikuwa umevunjika. Daktari wa timu, akihema kwa zile mbio, alimwambia, "Wewe unapoteza muda na mpira." Miaka yote kumi Kisiki hakukosea ishara hata mara moja, na jambo hilo lilimpa raha kuliko mechi alizoshinda.

Goti lake mwenyewe lilipomtoka, hakuna aliyempigia ishara. Aliketi kwenye nyasi, kimya, akinyoosha mkono wake mwenyewe. Kano mbili zilikuwa zimekatika. Walimshona, akarudi, goti likamkataa tena, basi akaacha. Sabuni alicheza misimu miwili zaidi, naye akaacha, akaingia biashara ya kuuza vigae na kuanza kunenepa.

Kisiki alirudi chuoni akiwa na umri ambao wenzake wanasomesha watoto. Darasani kila mtu alikuwa mtoto wa juzi, wakamwita Babu. Waliposoma mifupa aliwazidi, maana mingi alishawahi kuivunja au kuvunjiwa. Waliposoma kemia walimzidi wao, na kabinti kamoja kenye sauti ya ukali, ambaye baadaye alikuja kuwa daktari wa upasuaji, kalimkalisha kwenye ngazi za maktaba na kumfundisha kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. Hakuona haya. Mtu aliyekwisha kuzomewa na uwanja mzima haoni haya kwa jambo dogo.

Siku ya kuhitimu mama yake, ambaye alikuwa amestaafu posta, alimpa mkono kwanza kabla ya kumkumbatia. "Miwili imeisha?" aliuliza.

Wakampangia idara ya dharura, na mahali pale palimfaa. Ni ukumbi mrefu wenye mabenchi ya chuma, mapazia ya kijani yaliyofifia, feni inayozunguka kwa kulazimishwa, na watu wengi ambao kila mmoja anaamini yeye ndiye mgonjwa kuliko wote. Kisiki aliingia na kanuni yake ya uwanjani. Asubuhi anapita kwenye mabenchi akiwaacha wanaolia, anawatafuta walionyamaza. Mama aliyeegemea ukuta na kusema "mimi sijambo, wahudumie wengine kwanza," huyo ndiye anayewekewa dripu mara moja. Mara nyingi alipatia. Madaktari wanafunzi wakaanza kumfuata nyuma na kuiga macho yake, naye aliwaambia, "Kelele ni dalili nzuri. Mtafute aliyenyamaza." Aliisema kwa raha, na si kosa mtu kuionea raha kazi anayoiweza. Tatizo ni pale raha hiyo inapomzuia kunyoosha mkono na kugusa.

Ikaja Jumatatu. Jumatatu idara ya dharura hupokea kila kilichovumiliwa tangu Ijumaa, na mabenchi yalikuwa yamejaa mpaka watu wamekaa kwenye magoti ya jamaa zao. Mlango ukafunguliwa, akaingia Sabuni, amebebwa begani na mke wake na dereva wa teksi, analia kwa sauti ya kutikisa madirisha.

Bwana mmoja kwenye foleni, mwenye mkono uliofungwa kitambaa, alimtambua papo hapo. "Penati hiyo!" alisema, na benchi zima likaangua kicheko. Muuguzi wa mapokezi naye akacheka, maana mechi zile hata yeye alizitazama akiwa shuleni. Kisiki alitoka nyuma ya pazia kujua kuna nini. Alimwona rafiki yake amejikunja kwenye kiti, anajinyonga huku na huku, ameshika tumbo, na kabla hajafikiri lolote akajikuta anacheka.

"Sabuni, foleni inaanzia kule nyuma."

"Kisiki, nakufa."

"Umeshakufa mara ngapi wewe? Na kila ukifa tunapewa penati."

Sabuni aliinua uso kumjibu. Jasho lilikuwa linamtiririka kutoka kwenye paji, likamwingia jichoni, akalifumba. Jicho moja. Kisiki alikuwa ameliona jicho lile likifumbwa mara nyingi kuliko alivyoiona sura ya baba yake, na moyoni akasema, jamaa anataka kuruka foleni. Mkono wake ukaenda wenyewe mpaka kichwani, ukajipapasa. Katika ukumbi ule wote alikuwapo mtu mmoja tu wa kuielewa ishara ile.

Mke wa Sabuni hakucheka. "Shemeji, tangu jana hajapata choo, hata upepo hautoki. Na tumbo lake silielewi, limejaa."

"Shemeji, hilo si tumbo, hicho ni kitambi. Tangu ameacha mpira nakiona kinavyokuja."

"Kitambi chake nakijua, nalala nacho. Hiki sicho."

"Mimi nimelala chumba kimoja na huyu bwana kabla yako," Kisiki alisema, bado anacheka. "Namjua. Atapewa sindano ya kutuliza tumbo, apumzike kule mwisho, nikipunguza watu nakuja kumwona. Usihofu."

Maneno ya shemeji yalikuwa na kila kitu ambacho daktari anahitaji. Kama yangesemwa na mgonjwa mwingine yeyote, Kisiki angekuwa ameshavaa glavu. Lakini aliyasikia huku anacheka, na mtu anayecheka hasikii sawasawa. Wakamlaza Sabuni kwenye kitanda cha magurudumu mwisho wa korido, karibu na stoo ya mashuka, na kilio chake kikawa kinafika ukumbini kikiwa kimepungua makali.

Na tusimsingizie kwamba alikaa. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi saa, amekaa kimya kwenye kona, uso umepauka, vidole vinachezea kitufe cha shati. Kisiki alimwona kutoka mbali. Moyo wa mzee ulikuwa unasimama na kuanza, na kazi ya kumrudisha iliwachukua watu wanne na asubuhi karibu yote. Mzee akarudi. Kisiki akanawa mikono akiwa amefurahi sana, akawaambia wanafunzi, "Mmeona? Alikuwa kimya."

Akaita mgonjwa aliyefuata, mama mwenye mtoto aliyeungua mkono. Alikuwa katikati ya kuuliza maji yalikuwa ya moto kiasi gani, akakatiza. Ukumbi ulikuwa na kelele zilezile za siku zote, ila iliyokuwa inatoka kwenye korido haikuwapo.

"Yule wa mwisho wa korido vipi?" alimuuliza muuguzi.

"Ametulia. Sindano imemkubali."

Kisiki alimwacha mama na mtoto wake bila hata kuomba radhi. Alianza kwa kutembea, akamaliza kwa kukimbia, na goti lile lililokatazwa kukimbia likamuuma kila hatua.

Sabuni alikuwa amelala chali, magoti ameyainua, hatikisiki. Mke wake alikuwa amemshika mkono, na kwa jinsi alivyomtazama Kisiki ilionekana hana tena haja ya kumwita shemeji. Kisiki alifunua shati. Lilikuwa tumbo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa tatu angelielewa akiwa mlangoni: limevimba upande mmoja kuliko mwingine, ngozi imekaza inang'aa. Aliligonga kwa kidole, likalia kama ngoma. Alilibonyeza kidogo tu, na Sabuni, bwana wa makelele, alitoa pumzi fupi puani na kuuma midomo.

Utumbo mpana ulikuwa umejisokota. Ukijisokota, damu haipiti, na damu isipopita kwa muda utumbo unakufa. Wakati unajisokota mtu hulia na kujinyonga. Ukishakufa na kuanza kuchafua tumbo, mtu hulala kimya kwa kuwa hata kupumua kunamuuma. Kisiki aliyajua hayo yote kutoka kitabuni, na siku hiyo alifika kwenye hatua ile ya pili tu.

Daktari wa upasuaji alikuwa yule binti wa ngazi za maktaba. Alikuwa anafunga barakoa.

"Babu, amefika lini huyu?"

"Asubuhi."

"Asubuhi hii? Nani alimpokea?"

"Mimi."

Alimtazama mara moja, kisha akasukuma mlango kwa bega na kuingia. Kisiki alibaki nje na mke wa Sabuni, kila mmoja upande wake wa benchi. Hakumwambia neno la kumtuliza. Alijua kwamba asubuhi ameshamwambia asihofu.

Jioni yule daktari alitoka, amechoka, nywele zimelowa. "Atapona. Kipande kilichooza nimekikata. Choo kitatokea kwenye tundu la tumboni, kiingie kwenye mfuko, kwa miezi kadhaa, halafu tutaangalia kama tunaweza kuunganisha."

Shemeji alipokwenda kupiga simu nyumbani, Kisiki aliuliza, "Na kama ungempata asubuhi?"

"Jibu unalo."

"Nataka unipe wewe."

"Ningepitisha mrija kwa chini, upepo ukatoka, utumbo ukajifungua. Pengine nisingemtia kisu kabisa." Akamgusa bega. "Nenda nyumbani, Babu."

Kumbe kazi ngumu ilikuwa mbele. Sabuni alipopata nguvu za kuongea, aligeuza wodi kuwa baraza lake. Ule mfuko aliupa cheo, akauita mchezaji wa akiba. Na kila aliyefika kumjulia hali, awe jamaa au mpiga deki, alisimuliwa jinsi Kisiki alivyokuja mbio kwenye korido na goti lake bovu akamtoa mdomoni mwa kifo. "Huyu bwana ameniokoa," alisema, na wodi nzima ikawa inamsalimu Kisiki kwa heshima. Mke wake alikuwa anasikiliza huku anakunja nguo, hasemi ndiyo wala hapana.

Kisiki akaanza kupita wodini wakati Sabuni amelala. Anamwangalia joto, anamwangalia mkojo, anaondoka. Mchana wakikutana kwa bahati mbaya anaitwa mwokozi, anatabasamu nusu, anajifanya ameitwa kwingine. Alijua kwamba akinyamaza hakuna atakayemuuliza. Alijua pia kwamba akisema anaweza kumpoteza mtu pekee ambaye alikuwa rafiki yake kabla hajawa kitu chochote. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa inakaa naye mezani akila. Mwishowe alimpigia mama yake simu, akamwaga yote.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Umemwambia mwenyewe?"

"Bado."

"Sasa mimi unanipigia ya nini?" Akakata simu.

Kesho yake alikwenda mchana, wodi ikiwa macho. Akavuta pazia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kama walivyokuwa wakikaa kambini.

"Sabuni, acha kuwaambia watu nimekuokoa."

"Kwa nini? Nawe unaona haya siku hizi?"

"Ulifika asubuhi. Ningekupima asubuhi ileile, usingekatwa, huo mfuko usingekuwapo. Shemeji aliniambia kila kitu. Nilikuacha pale kwa sababu nilidhani unaigiza."

Sabuni alikuwa ameshika chungwa. Aliliweka juu ya kabati.

"Najua," alisema. "Nilikuona."

"Kumbe unajua, na bado unawaambia watu..."

"Ulitaka niwaambie nini? Kwamba rafiki yangu aliniacha koridoni?" Sauti yake ilikuwa ndogo, ya chumbani. "Nilikuwa nimelala pale nasema, atakuja sasa hivi. Akimaliza na huyu, atakuja. Nikachoka kulia, nikanyamaza."

"Nisamehe."

Upande wa pili wa pazia mtu alikuwa anaburuta kiti.

"Unajua, Kisiki, mimi nimewadanganya marefa maisha yangu yote. Wengi wao hawakuniamini. Wengine walikuja na kadi mkononi kabisa." Akageuza uso kumtazama. "Lakini walikuwa wanakuja. Wananiinamia, wanaangalia, ndipo wanakasirika. Wewe ulisimama kulekule."

Sabuni alishusha shuka mwenyewe mpaka kiunoni, akafunua shati lake. Kisiki alisimama, akavaa glavu, akainama, akaangalia.